Safari ya Stafford Terrace: nyumba ya mchora katuni wa enzi ya Malkia Victoria

Treni za chini ya ardhi za District na Circle zinasimama High Street Kensington, magharibi mwa London. Kutoka hapo tulivuka barabara kuu, tukapandisha Argyll Road, na Stafford Terrace ikatokea mkono wa kushoto. Nyumba za mtaa huu zimeshikana ukuta kwa ukuta, nyembamba na ndefu kwenda juu, zikiwa zimejengwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1860 na miaka ya 1870. Ukitazama kutoka nje, namba 18 haina cha kukusimamisha. Thamani yake iko ndani.

Edward Linley Sambourne, mchora katuni wa gazeti la vichekesho la Punch, alihamia hapa na mkewe Marion mwaka 1875. Walinunua haki ya kukaa kwa miaka 89 kwa pauni 2,000. Hakuwa tajiri wa kujenga kasri, na ndiyo maana nyumba hii ina mengi ya kufundisha: makasri ya zama zile yamebaki tele, lakini nyumba ya mtu wa kipato cha kati iliyosalia na samani zake zilezile ni adimu.

Mpangilio wake ni wa kawaida kwa nyumba za aina hii. Jiko na kazi za watumishi viko chini kabisa, chumba cha kulia kiko usawa wa barabara, sebule kubwa iko ghorofa inayofuata, na vyumba vya kulala viko juu. Kwa hiyo makaa ya mawe, maji moto na chakula vilipandishwa ngazi mchana kutwa. Ukizipanda mwenyewe utaona ni ngazi za namna gani.

Katika chumba cha kulia, inua macho. Sahani za kauri za buluu na nyeupe zimepangwa kwenye rafu iliyo juu ukutani, kwa mtindo uliopendwa sana na wasanii wa London wakati ule. Anayezijua zidaka za nyumba za mawe za Lamu hatashangaa. Huko nako kauri ya China ilipewa nafasi yake ukutani, tena karne kadhaa kabla.

Kuta ndizo zinazohitaji muda. Awali zilibandikwa karatasi za mapambo za William Morris, msanii mbunifu wa zama hizo. Baadaye Sambourne aliongeza karatasi nzito iliyofinyangwa na kupakwa rangi ya dhahabu ili ionekane kama ngozi. Karatasi hiyo ilikuwa ghali, kwa hiyo mahali palipotundikwa picha hakuibandika, akaacha ile ya zamani nyuma ya fremu. Hesabu hiyo ya kubana matumizi sasa ni ushahidi mzuri, kwani sehemu zilizofunikwa zimekingwa na mwanga. Mwanga ndio adui mkubwa humu: madhara yake hujilimbikiza na rangi iliyopauka hairudi. Makumbusho mengi hulenga takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa karatasi na nguo zinazoathirika kirahisi, hivyo usishangae kukuta mapazia yameshushwa. Yape macho dakika kadhaa yazoee.

Katuni moja ya Sambourne inajulikana na wengi waliosoma historia ya ukoloni Afrika Mashariki: Cecil Rhodes, mkoloni Mwingereza, amesimama juu ya ramani ya Afrika, mguu mmoja Cape na mwingine Cairo, ameshika waya wa simu ya maandishi. Ilitoka Punch tarehe 10 Desemba 1892. Sambourne alifanyia kazi zake nyumbani, na alichora kwa kutegemea picha za kamera. Aliwavisha watumishi na jamaa zake mavazi, akawapanga kwenye mkao alioutaka, kisha akawapiga picha. Bafu lake la marmar ghorofani lilitumika pia kwa kazi ya picha.

Nyingi kati ya picha hizo ni za buluu tupu, na sababu ni ya kikemia. Karatasi hupakwa mchanganyiko wa chumvi mbili za chuma, hukaushwa gizani, hufunikwa kwa kioo cha negativu (picha ambayo mwanga na giza vimegeuzwa), kisha huanikwa juani. Baada ya hapo huhitaji maji tu. Isipooshwa vya kutosha, sehemu nyeupe hubaki na umanjano. Ikiguswa na sabuni au magadi, buluu hufifia. Kwa mtu aliyekimbizana na gazeti la kila wiki, njia hii ilikuwa rahisi na ya haraka.

Sambourne alifariki mwaka 1910, Marion mwaka 1914. Mwana wao Roy, ambaye hakuoa, alikaa humu hadi 1946 bila kubadilisha mengi. Nyumba ikapita kwa dada yake Maud Messel, kisha kwa binti wa Maud, Anne, Countess of Rosse. Wakati huo majengo ya enzi ya Victoria yalidharauliwa na kubomolewa. Anne aliwaita wenzake, akiwemo mshairi John Betjeman, katika nyumba hii mwaka 1957, na mwaka uliofuata Victorian Society, chama cha kutetea majengo hayo, ikaanzishwa. Lango kubwa la stesheni ya treni ya Euston, London, wanachama wake hawakuweza kuliokoa. Lilibomolewa kuanzia 1961. Nyumba yenyewe iliuzwa kwa mamlaka ya jiji na kufunguliwa kwa umma mwaka 1980.

Njoo na mkoba mdogo, maana nafasi ya kupishana ni finyu na vitu viko karibu na kiwiko. Ukitoka, tembea magharibi hadi Leighton House, Holland Park Road, nyumba ya mchoraji Frederic Leighton yenye ukumbi wa vigae kutoka Damascus. Zitazame zote mbili siku moja, ukianza na ya Sambourne.