Mimi ndo niliyemwambia pingili zimesagika

Kuna mama mmoja hapa Morogoro anauza maandazi na chapati, ana miaka 50 na kitu, mwaka jana alirudi kliniki kwetu na mgongo wake. Nikamwamkia shikamoo mama, karibu, tatizo nini, akasema marahaba mwanangu, mimi pingili zimesagika. Hakusema mgongo unaniuma. Alisema pingili zimesagika kama mtu anavyokutajia kabila lake. Nikamuuliza nani alikwambia hivo mama, akaniangalia, akacheka, akasema si wewe.

Nikafungua faili na kweli, mwandiko wangu kabisa, tarehe ya miaka 2 nyuma, nimeandika pingili za kiuno zimesagika, asibebe vitu vizito, asiiname, avae mkanda. Mistari 3 na sahihi. Nadhani siku ile nilikuwa na foleni ya watu 30 na nilimhudumia dakika 7 nikaona nimefanya kazi nzuri tu.

Sasa sikiliza huyu mama alifanya nini na ile mistari 3. Aliacha kubeba ndoo. Aliacha kukanda unga, akawa anakanda binti yake, na binti alipoolewa biashara ikashuka nusu. Mkanda anauvaa hadi usiku amelala. Anaswali amekaa kwenye kiti kwa sababu anaogopa akisujudu pingili itachomoka, yaani anaamini kabisa kuna kitu kinaweza kuchomoka. Na maumivu hayakupungua, yameongezeka, yamepanda hadi mabegani. Ile picha ya eksirei anailaza chini ya godoro isikunjike, akija mgeni anamtolea.

Na ile picha yenyewe haikuwa na cha ajabu. Mwaka 2015 kuna watafiti walikusanya tafiti 33, picha za mgongo za watu 3,110 ambao hawana maumivu YOYOTE, wakakuta hata wa miaka 20 asilimia 37 diski zao (zile sahani laini za katikati ya pingili) zina dalili za kuchakaa, ukifika miaka 80 ni asilimia 96. Watu hawaumwi hao! Zile ni mvi tu, ila ziko ndani. Lakini sisi hospitalini tunazisoma kama hukumu. Pingili zimesagika, magoti ute umekauka, mafuta yameisha. Nani anataka kukimbia akiambiwa mafuta yameisha?

Bas, nirudi kwenye kilichonifanya niandike. Siku ile mama aliporudi nilikuwa nimeshaanza kutumia maswali ya kujua nani mgongo wake unaweza kugeuka sugu. Niliyapata kwa mwenzangu aliyetoka semina, yanaitwa STarT Back, yametoka chuo cha Keele kule Uingereza, yako 9 tu na mgonjwa anamaliza kwa dakika 2 au 3. Manne ya kwanza ni ya mwili: maumivu yanashuka mguuni? bega au shingo navyo vinauma? unatembea umbali mfupi tu kwa sababu ya mgongo? kuvaa nguo kunakuchelewesha? Matano ya mwisho ndo yanaingia ndani: unaona ni hatari mtu mwenye hali kama yako kujishughulisha? mawazo ya wasiwasi yanakuzungukia? unaona hali ni mbaya sana na haitapona? vitu ulivyovipenda huvifurahii tena? na kwa ujumla mgongo umekusumbua kiasi gani wiki 2 hizi. Kila ndiyo ni pointi 1, na lile la kusumbua linahesabiwa kama umejibu sana au kupita kiasi. Ukipata 3 kushuka chini una hatari ndogo ya mgongo kugeuka sugu, unaelekezwa vizuri unarudi kwenye shughuli zako. Ukifika 4 na kuendelea tunaangalia yale matano ya mwisho, kama humo peke yake una 4 au 5 we ni wa kundi la juu, yaani mazoezi matupu na dawa ya kuchua hayatakutosha.

Waliijaribu kwa wagonjwa 851 wakatoa matokeo 2011. Waliogawiwa matibabu kufuatana na kundi lao wakafanya vizuri kuliko waliotibiwa kwa mazoea, na gharama ikawa chini. Sio miujiza, tofauti haikuwa kubwa ya kushangaza, na fomu haitabiri kama mganga kwamba huyu atapona yule hatapona. Ila inakulazimisha kuuliza.

Mana sisi tulifundishwa kuuliza inauma wapi, tangu lini, inachoma au inavuta, inama, simama, lala, nyanyua mguu. Mambo ya mtu analalaje, anaogopa nini, kazini kukoje, tuliyaacha kwa watu wa ustawi wa jamii. Wakati wenzetu wa New Zealand mwaka 1997 walishaandika mwongozo wa vitu vinavyofanya maumivu ya mgongo yageuke sugu, wakaviita bendera za njano: hofu ya kujongea, kuamini maumivu ni lazima yawe madhara, huzuni, kujitenga, kungoja mtu mwingine aje akuponye. Na kule Marekani kwenye kiwanda cha Boeing walishawafuatilia wafanyakazi zaidi ya 3,000 wakaona waliosema karibu hawaifurahii kazi yao kabisa walikuwa na uwezekano mara 2 na nusu wa kuja kuripoti mgongo. Hiyo imetoka 1991, mi nilikuwa sijazaliwa.

Tatizo sasa ni Kiswahili chetu na adabu yetu. Niliyatafsiri mwenyewe kwa kalamu kwenye daftari, sio tafsiri ya kitaalamu, ni ya kuanzishia mazungumzo tu, kwa hiyo usije ukaichukua ukaandikia utafiti. Kwanza, mtu wetu ukimuuliza habari anasema nzuri, ila naumwa. Nzuri inatangulia hata kama anakufa. Ukimuuliza unafurahia maisha anasema namshukuru Mungu, na hapo hujui uandike 0 au 1. Mzee mmoja alinicheka kabisa, kufurahia? kwa bei hizi? Ukimwambia nipe namba kuanzia 0 hadi 10 anakupa 15, na yuko siriasi.

Lile linalonisumbua zaidi ni la haitapona. Watu wanajibu Mungu ndo anajua, au nimemwachia Mungu. Mwanzoni nilikuwa naandika 1, huyu amekata tamaa. Afu nikaja kugundua kuna nimemwachia Mungu ya mtu ambaye roho imetulia, asubuhi anaamka analima, na kuna nimemwachia Mungu ya mtu aliyejifunika shuka anasubiri. Maneno yale yale. Sasa hivi nauliza swali la pili, ukishamwachia Mungu kesho yako inakuaje, unaamka unafanya nini? Jibu la hapo ndo nalihesabu.

Na neno mawazo. Ukimuuliza mtu una wasiwasi anasema hapana. Ukimuuliza una mawazo, aah, anakaa vizuri kwenye kiti. Mawazo kwa kwetu sio fikra tu, ni ugonjwa kabisa, mtu anakonda kwa mawazo, anapata presha kwa mawazo. Kwa hiyo lile swali la 6 nauliza hivo hivo, una mawazo? na ya nini?

Yule mama alipata 8 kati ya 9. Kwenye yale matano alikosa moja tu, la kufurahia, eti wajukuu wanamfurahisha. Nikamuuliza ya nini mawazo mama. Akaangalia pazia (kliniki yetu vyumba vimetengwa kwa mapazia, jirani anasikia hadi unavyokohoa), nikamwambia tutoke tukakae pale kwenye benchi chini ya mwembe. Kule ndo akasema. Mume amepooza upande mmoja, yeye ndo anamgeuza. Na alichukua mkopo wa kausha damu, wanakuja kila siku jioni na kadaftari kao, siku aliyoshindwa wakabeba friji mbele za majirani. Wiki ile ile mgongo ukamshika akashindwa kuamka. Nikakumbuka ndo wiki aliyokuja kwangu, na mimi nikamwongezea pingili zimesagika juu yake.

Sitaki mtu aelewe vibaya hapa, sisemi deni ndo linauma kiunoni. Mgongo wake ulikuwa unauma kweli, misuli imekaza kweli. Ila mwili wa binadamu una ulinzi kama mbwa wa nyumbani, nyumba ikishaibiwa mara moja mbwa anabweka hata kwa jani likianguka, na huyu mama alikuwa halali, anadaiwa, ana hofu, na daktari amemwambia ukuta wa nyumba una ufa. Mbwa atanyamazaje.

Hili ndo nimelikosea sana njiani. Kuna jamaa dereva wa bodaboda nilimuuliza maswali yangu kwa pupa bila hata kumgusa, nikafika kwenye usingizi na nyumbani kukoje, akasimama akasema dokta nimekuja na mgongo wewe unaniuliza mambo ya mke wangu, unaniona mi kichaa? Akaondoka na sikumwona tena. Alikuwa sahihi. Mtu akija anaumwa ukaanza na mawazo yake anasikia unamwambia anajifanyisha, au anasikia wamemroga. Sasa napima kwanza, naweka mkono pale panapouma, namwambia naamini unaumwa, ndo namletea karatasi kama kitu ninachowauliza wagonjwa wangu wote, na kweli nawauliza wote.

Na kabla ya bendera za njano kuna nyekundu, yaani dalili za ugonjwa wa hatari, hii siruki hata kliniki ikijaa hadi nje. Umeshindwa kuzuia mkojo au choo? ganzi sehemu unayokalia baiskeli? miguu inalegea? homa, jasho la usiku, kukonda, uliwahi kuugua kansa, ulianguka? Kijana mmoja miaka 30 na kidogo alijaza fomu ikaonyesha hofu tupu, hataki kuinama kabisa, nikaanza kuchangamka kwamba huyu ni wangu. Bahati nzuri nilimvua shati. Kulikuwa na kinundu katikati ya mgongo na suruali imefungwa kwa kamba. Ilikuwa TB ya mgongo. Hofu yake ya kuinama ilikuwa na akili kuliko mimi.

Halafu kuna hili ambalo kwenye semina halisemwi. Ukiuliza, utajibiwa. Sasa ukijibiwa unafanya nini? Kwetu mwanasaikolojia hakuna, yupo afisa ustawi wa jamii mmoja anayezunguka wodi zote. Kama unapanga kumuuliza mtu kama amewahi kuona bora afe, hakikisha kabla ya kuuliza unajua leo leo utampeleka kwa nani, sio uandike ndiyo kwenye fomu umwambie rudi Alhamisi. Mimi nimekaa na afisa wetu tukakubaliana namba yake iko ukutani kwangu na nikimpigia kwa jambo hilo anaacha chochote anachofanya. Hicho kilichukua miezi kukipanga, muda mrefu kuliko hata kujifunza yale maswali.

Kwa mama wa maandazi nilianza na kuomba radhi. Sijui kama tulifundishwa hicho mahali popote. Nilimwambia mama, nilichokwambia siku ile nilikisema vibaya, hizi ni mvi, mgongo wako ni mzima wa kubeba. Hakuamini. Wiki ya kwanza alinyanyua ndoo tupu ya lita 20, tupu kabisa, akitetemeka, nimesimama naye. Wiki iliyofuata tukaweka lita 3. Tukaenda hivo hivo. Mkanda alianza kuuvua usiku, baadae mchana. Jinsi ya kumgeuza mzee kitandani tulifundishana na shuka, kwamba unavuta shuka huvuti mtu. Afisa ustawi alimsaidia kuandika yale marejesho akajua kabaki na kiasi gani, mana wale walikuwa wanamwandikia wanavyotaka wao. Deni lipo mpaka leo. Sujudu alifika wiki ya 9, alikuja asubuhi kuniambia tu hilo akaondoka, hakutaka hata kupimwa.

Juzi nimepita kijiweni kwake kununua chapati. Yuko mbele ya jiko la mkaa anapepea kwa kitu cheusi kinang'aa, nikaangalia vizuri, ile eksirei. Nikamuuliza mama, mgongo vipi. Akasema unauma kidogo jioni, ila leo nimekanda kilo 6 mwenyewe, we unataka ngapi?