Taa ya ABS ikiwaka, usikimbilie kuizima

Magari mengi yanayopanda na kushuka vilima vya Mwanza, kuanzia IST na Passo hadi Noah na Forester, yametoka Japani yakiwa na ABS, mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki ghafla. Mengine yana pia mfumo wa kuzuia gari lisiserereke, ule ambao Toyota wanauita VSC na Subaru VDC. Ukifungua swichi, taa ya ABS huwaka sekunde chache kisha huzimika yenyewe. Isipowaka kabisa wakati unakagua gari la kununua, shtuka: huenda balbu imeng'olewa ili gari liuzike. Huo ni udhalimu, kwa sababu taa inayobaki imewaka maana yake ABS imejitoa kazini, na mara nyingi VSC nayo imejitoa.

Kazi yote inategemea sensa ndogo iliyo kwenye habu ya kila tairi. Kwenye magari ya zamani inasoma pete ya chuma yenye meno, na kwenye mengi ya karibuni inasoma sumaku iliyo kwenye sili ya beringi. Ukikanyaga breki ghafla kwenye lami iliyolowa pale Buzuruga, kompyuta ikiona tairi moja linapoteza mzunguko haraka mno, inalipunguzia presha ya mafuta ya breki, inairudisha, inaipunguza tena, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Pedali itatetemeka na utasikia mkwaruzo. Usiachie wala usipampu. Endelea kukanyaga kwa nguvu zote huku ukikata usukani kukwepa hatari, kwa kuwa tairi lililojifunga haliwezi kukata kona.

VSC inaongeza sensa ya usukani na ya mzunguko wa bodi. Nyuma ikianza kuchomoka kwenye kona, inakamata breki ya tairi la mbele la upande wa nje peke yake na kupunguza nguvu ya injini, hata kama dereva hajagusa breki.

Sasa tuje kwenye ubovu. Gari linaloingia soko la Mwaloni Kirumba kila alfajiri kubeba dagaa hubeba tope pia, na tope likichanganyika na unga wa chuma kutoka kwenye padi na diski hugandia kwenye ncha ya sensa. Pima kwanza kwa mashine ya kusoma hitilafu za kompyuta ya gari ujue ni tairi lipi, kisha fungua, futa kwa kitambaa na ufuatilie waya hadi kwenye soketi, hasa pale unapokunjika tairi likigeuka. Sensa za zamani za waya mbili nyingi husoma ukinzani wa umeme wa takriban omu 800 hadi 2,000; linganisha na ya upande wa pili. Sensa mpya zinazotumia umeme wa gari usizipime kwa omu, zitakudanganya.

Kuna dalili inayowasumbua mafundi wengi: taa haiwaki, lakini gari likikaribia kusimama kwenye lami kavu, pedali inatetemeka. Mara nyingi pete ina ufa, au kutu imeinua sensa, hivyo mawimbi yanakatika kwenye mwendo mdogo na kompyuta inadhani tairi limejifunga.

Beringi yenye sumaku nayo ina upande wake. Ikigeuzwa, gari litatembea vizuri lakini sensa haitaona kitu. Kabla ya kuipiga presi, gusisha kibanio chepesi cha karatasi: upande unaovuta ndio unaotazama sensa.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140, na mteremko mrefu ukiwa na mzigo unatosha kuyafikisha huko. Badilisha kila miaka 2.

Kwenye changarawe, ABS huweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu tairi halipati nafasi ya kujikusanyia kokoto mbele yake. Ukitoka lami kuingia barabara za vijijini Magu, acha nafasi kubwa zaidi kwa gari la mbele.