Mkokoteni Unapita Wapi?

Mashine yangu ya kuchapa ramani ina tabia za kuku anayetafuta pa kutagia. Inatetea, inanyamaza, inatetea tena, kisha karatasi ya upana wa milimita 914 inaanza kuteremka polepole na mtu anapata nyumba yake, au shule, au kituo cha mafuta. Huu ni mwaka wa kumi na moja niko nayo hapa River Road, Nairobi, orofa ya kwanza, mlango unaotazamana na ngazi. Wateja wangu ni masaveya, wasanifu majengo chipukizi ambao bado hawajamudu mashine yao, na vijana wa kutumwa wanaoingia wakihema kwa sababu dirisha la kaunti linakaribia kufungwa na nakala hazijatosha.

Kazi ya mteja ni siri ya mteja. Lakini macho hayana pazia, na ukikaa na ramani miaka yote hiyo utajua kuzisoma hata kama hukusomea. Watu wengi wakikunjuliwa ramani hukimbilia katikati, kwenye picha. Mimi huanza chini kulia, kwenye kile kisanduku chenye jina la mradi, kipimo, tarehe na herufi ya toleo. Herufi ndiyo yenye umbea. Kuna mradi mmoja wa nyumba, sitautaja, niliouchapa tangu A. Toleo A lilikuwa na uwanja wa watoto na bembea mbili zilizochorwa kwa upendo, hadi minyororo yake. Toleo C, bembea hazipo, pameandikwa "eneo la wazi". Toleo F, eneo la wazi limepigwa mistari ya maegesho. Nilihesabu magari ishirini na mawili. Hakuna aliyetamka popote kwamba watoto wamenyimwa pa kuchezea, zilisonga herufi tu.

Tangu hapo nafuata miradi mikubwa kama wengine wanavyofuata ligi. Konza, ule mji wa teknolojia, nimeifuata tangu Rais Kibaki alipozindua ujenzi Januari 2013, ekari 5,000 za nyika huko njia ya Mombasa. Tatu City ya Ruiru nayo naijua kwa ramani kuliko kwa miguu. Two Rivers, yenye jumba kubwa la maduka, nilienda ilipofunguliwa 2017, nikanunua aiskrimu, nikatazama watu wakijipiga picha kando ya maji, nikarudi Ngara kwa matatu. Yote yanauzwa kwa maneno mamoja: matumizi mchanganyiko. Uishi, ufanye kazi, ununue, upumzike, yote mahali pamoja.

Maneno hayo hunichekesha nikiwa hapa dukani. Chini yetu kuna maduka ya simu na moja la mbegu za mboga. Orofa yetu ni mimi, mafundi cherehani wawili na mama wa chai, ambaye ofisi yake ni kipembe cha ngazi na chupa tatu za moto. Juu yetu kinyozi na wakala wa mabasi. Juu yao kanisa, ambalo Ijumaa hukesha na kutikisa taa zangu. Juu kabisa ni lojing'i, na huko sina la kusema. Hakuna aliyelipanga jengo hili, limejipanga lenyewe. Kwa hiyo mtu akija na slaidi kunieleza kwamba siku moja Nairobi itakuwa na majengo yenye duka chini na kitanda juu, namwitikia kwa heshima tu. Ila nisije nikalisifu kupita kiasi: choo ni kimoja kila orofa, na ngazi ya dharura imejaa majiko ya watu. Siku moto ukishika hapa tutatafutana.

Mradi ninaoufuata kwa moyo hasa ni Nairobi Railway City. Ni ekari 425 kuzunguka stesheni ya reli, eneo ambalo wapita njia wa Haile Selassie Avenue huliona kama ukuta mrefu tu. Stesheni mpya imesanifiwa na Atkins, kampuni ya Uingereza, na Desemba 2022 Rais Ruto pamoja na James Cleverly, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, waliweka jiwe la msingi. Humo mna stesheni, maofisi, maduka, nyumba za kuishi na nafasi za watu kupumzika.

Nasema kwa moyo kwa sababu Baba alikuwa fundi wa karakana ya reli na mimi nimezaliwa Muthurwa, kwenye zile landhi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli. Jina la Landhies Road limetoka kwenye landhi hizo. Chumba kilikuwa kimoja, pazia la maua katikati, sisi watoto huku na wazazi kule. Baba alienda kazini kwa miguu, akirudi chakula cha mchana kabla ugali haujapoa, na mikono yake ilinuka grisi hata Jumapili kanisani. Akisoma magazetini siku hizi habari za "kuishi karibu na kazi" anauliza hilo jipya ni lipi.

Jiji lenyewe ni mtoto wa reli. Reli ilifika hapa 1899, palikuwa kinamasi cha Wamaasai kunywesha ng'ombe, ikahamishia makao yake makuu hapa kutoka Mombasa, na mji ukafuata nyuma. Lakini reli hiyohiyo ndiyo iliyoukata mji. Uwanja wa mabehewa uko katikati: huku mjini, kule Industrial Area. Mtu anayetoka Mukuru, mitaa ya mabanda ya upande huo, kwa miguu asubuhi anaziona ghorofa za mjini mbele ya pua yake, na bado ni lazima azunguke. Ama ashike Uhuru Highway, ama aingilie Landhies Road. Wazo la msingi la Railway City ni kuuvusha mji upande wa kusini, kupasua barabara pale ambapo kwa zaidi ya miaka mia pamekuwa na vyuma. Hapo sina ubishi nao hata kidogo. Wangenipa karatasi ya kutia sahihi ningetia mara mbili.

Wateja wangu wengine huniambia napoteza wakati, ati mipango ya Nairobi huishia kabatini. Mimi huwauliza wamekuja kwa njia gani. Akisema Uhuru Highway, namwambia basi umepita juu ya mpango. Zamani reli ya kwenda Kisumu ilipita pale, mpaka ilipohamishwa na nafasi yake ikawa barabara. Ndiyo, mpango wa 1948 ulichorwa kwa ajili ya mji mkuu wa koloni, ule wa 1973 ulikuwa ukitazama mwaka 2000 na mengi yake hayakuguswa. Huu wa sasa, NIUPLAN, uliandaliwa kwa msaada wa JICA, shirika la maendeleo la Japani, na unakwenda 2014 hadi 2030. Mengine hukwama, mengine hufanyika kimyakimya mtu akiwa ameshaacha kuangalia. Hayo ya pili ndiyo yanayoninyima usingizi.

Katiba ya 2010, ibara ya 10, imetaja ushirikishwaji wa wananchi, na mimi huenda nikialikwa na nisipoalikwa. Kuna mkutano mmoja wa maoni nilihudhuria Eastlands, kuhusu mtaa wa zamani unaotaka kubomolewa pajengwe ghorofa. Viti vilikuwa na vitambaa vyeupe, maji ya chupa yalikuwepo, kila kitu sawa. Kisha wakagawa ramani. Ramani iliyochorwa iwe kubwa kama shuka wameifinya ikaingia kwenye karatasi ya kawaida ya barua. Maandishi yamekuwa kama chawa. Kipimo kilichoandikwa kwenye kisanduku hakina maana tena, maana ukishafinya karatasi, rula haikusaidii. Nikasimama nikauliza kama kuna nakala kubwa. Nikaambiwa itafuata.

Nyuma yangu alikuwa ameketi bibi mmoja mwenye leso ya samawati. Akanyanyuka akamwendea yule afisa, akamwekea karatasi mezani.

"Mwanangu, nionyeshe. Mimi niko wapi hapa?"

Kijana alikuwa na adabu, sitamsingizia. Alitafuta, akageuza karatasi, akageuza tena, mwisho akaweka ncha ya kalamu mahali. "Hapa, shosho." Kalamu ilikuwa ya wino mzito. Alipoiinua, kile kidoa kilikuwa kimefunika nyumba sita.

Niliporudi nyumbani sikulala vizuri. Jumatatu nilichukua karatasi ya gharama yangu, nikachapa ramani ya kawaida ya barabara za leo, kutoka River Road hadi Industrial Area, kubwa ya kutosha mtu kuona hata kichochoro cha soko la Marikiti. Nikaibandika ukutani penye ngazi na kuning'iniza kalamu ya bluu kwa uzi. Nikaandika juu: CHORA NJIA YAKO YA KILA SIKU. Kwa wiki mbili watu walichora. Mafundi cherehani wakachora hadi Gikomba. Mama wa chai alichora kutoka stesheni, yeye huja na treni ya asubuhi, mstari wake mfupi kuliko wote. Mtu mmoja alichora moyo wenye mshale, sijui ni nani, nashuku kinyozi.

Nikachukua karatasi ya trasingi, ile inayopenya macho, nikaifunika juu yake, na kwa kalamu nyekundu nikachora Railway City kadiri nilivyoielewa kutoka kwenye picha walizotoa kwa umma. Narudia: kadiri nilivyoielewa. Huo ni mchoro wa mwenye mashine ya kuchapa, usije ukaupeleka mahakamani. Barabara za kuvuka reli nikazipiga kwa rula. Nafasi za kupumzika nikazipaka kijani.

Aliyeutazama kwa muda mrefu zaidi alikuwa Baba Achieng'. Yeye ndiye hunipandishia maboksi ya karatasi, mkokoteni akiuacha chini na kijana wa kuulinda. Kuanzia saa kumi alfajiri anabeba viazi vya Marikiti, baadaye anachukua chochote, mabati, vitanda, magunia ya mitumba. Aliweka boksi chini, akapangusa kidole kwenye suruali, akakiweka Industrial Area.

"Kwa hivyo hapa watatoboa?"

"Wanasema."

"Nitoke hapa, nipite juu ya reli, nitokee mjini tu hivi?"

"Hivyo."

Akacheka. Nimemjua miaka saba, na kucheka kule sikuwa nimekusikia. Leo akipata mzigo wa upande ule huzunguka na Landhies Road, akisukumana na matatu zinazotoka Muthurwa, makanga wakimtukania mama. Alirudisha kidole mwanzo, akakipitisha tena polepole, safari hii akiigiza mlima kwa kupunguza mwendo, kama kwamba mzigo uko hapo. Kidole kikavuka vyuma. Kikaingia kwenye rangi ya kijani, kikasimama.

"Na hii ni nini, Mama Wambui?"

"Uwanja wa watu. Miti, viti. Mtu atapumzika."

"Watu."

"Ndiyo."

Akautazama kidogo. "Mkokoteni unahesabiwa wapi? Kwa watu ama kwa magari?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Nimechapa mamia ya ramani zenye ishara za baiskeli, za viti vya magurudumu, za mabasi, hata za mbwa kwenye mradi mmoja wa Kilimani. Ishara ya mkokoteni sijawahi kuichapa.

"Basi uwaulize," akasema, akiinama kuchukua hela yake mezani. "Na uwaulize kama askari wa hapo anaingia kabla ya saa kumi alfajiri ama baada. Ikiwa ni baada, mimi sina shida."

Nikachukua penseli nikayaandika yote mawili pembeni mwa trasingi, kando ya ile kijani, halafu kwenye kisanduku cha chini kulia nikaandika tarehe na herufi A.