Siku moja maishani mwangu: kusaka mtikisiko Nakuru

Saa 1 asubuhi. Nimefika shuleni kabla ya kengele, nikapanda moja kwa moja kwenye paa la maabara. Jana jioni wanafunzi walipanga foleni watazame nyota, na mmoja baada ya mwingine akaniambia ameona kijistari, si nukta. Iliniuma: nyota huonekana nukta, ila darubini ikitikisika, huvutika kuwa mstari. Wengi wao ilikuwa mara yao ya kwanza kuchungulia darubini.

Saa 2. Hapa Nakuru ikweta iko karibu, hivyo mhimili wa darubini hulala karibu sawa na ardhi, na simu hukaa juu yake bila kuteleza. Niliiacha ipime mtikisiko kwa dakika moja, mara 50 kila sekunde. Programu huchambua kwa hesabu za Fourier, Mfaransa aliyezichapisha mwaka 1822 akichunguza joto: huichukua vurugu yote na kuitenga, kila mtikisiko na kasi yake. Kilele kimoja kilisimama kwenye 2 kwa sekunde. Nikaulaumu upepo.

Kisha vipindi, mpaka saa 7.

Nikiwa nakula githeri ndipo likanijia. Kitu kikiyumba mara 2 kwa sekunde, jicho hukiona kikicheza. Wanafunzi hawakuona nyota ikicheza, waliona mstari uliotulia. Basi mtikisiko wenyewe ni wa kasi mno, na ile 2 ni kivuli chake. Ukipima mara 50 kwa sekunde, chochote kinachopita 25 hujitokeza mahali pasipo pake.

Saa 8. Nilipandisha kipimo hadi mara 200. Kilele cha 2 kikatoweka, kikaibuka kwenye 48. Umeme wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na mota za kawaida za mashine huzunguka nyuma kidogo ya umeme unaoziendesha. Ingekuwa 100 kamili, mara mbili ya umeme, ningeshuku transfoma. Hii ilikuwa mota, na mlio wake naujua: kisiagi kilichopakana na ukuta wetu.

Saa 10.

"Habari ya mchana, mzee."

"Nzuri, mwalimu. Umeleta mahindi?"

Nikamweleza. Akazima mashine, akapangusa unga kwenye kibati cha mota kwa kidole gumba. Mizunguko 2880 kwa dakika. Gawa kwa 60: 48. Bolti mbili kati ya nne zilikuwa zimelegea. Tulizikaza, tukapachika vipande vya tairi kuukuu chini yake.

Saa 1 jioni, kisiagi bado kinasaga. Msichana wa kidato cha kwanza aliinama kwenye darubini, akanyamaza muda mrefu.

"Mwalimu, ni nukta."