Nilivyonunua gari lenye taa ya injini inayowaka

Mwenye gari alinieleza tangu kwenye simu: "Ina sensa mbovu, ya joto la maji. Sitaki uje kunilaumu baadaye." Wengi wangeishia hapo. Mimi nilimpendea neno hilo, kwa sababu nimeshaonyeshwa magari ambayo taa ya injini haiwaki hata unapofungua swichi, yaani balbu imeng'olewa au waya umekatwa. Taa nzima huwaka swichi inapofunguliwa, na injini ikishika huzimika. Isiyowaka kabisa ndiyo ya kuogopa.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani la mwaka 2003, lile umbo refu lenye nafasi ya mizigo nyuma, injini ya lita 1.5, liko Uyole, Mbeya, kwa mzee mstaafu. Mimi huchukua maziwa Kiwira alfajiri na kuyashusha Mwanjelwa na Soweto, mjini Mbeya, hivyo gari linalogoma asubuhi halinifai hata likiwa zuri vipi. Na sensa hii inauma hapo hapo. Kazi yake ni kuiambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kwamba injini ina joto kiasi gani, ili ipime petroli ya kuchoma. Injini ya baridi inataka petroli nyingi zaidi. Saketi yake ikikatika, magari mengi ya aina hii huchukulia kwamba maji yana joto la digrii 80 hivi. Dar es Salaam mtu anaweza kuishi na kosa hilo muda mrefu asilione sana. Mbeya kwenye baridi ya mwezi wa saba, injini inanyimwa petroli saa ile ile inayoihitaji.

Nilimwomba mzee asiliwashe mpaka nifike. Nilifika kukiwa bado na giza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lipo, sijaligusa."

Nikaweka mkono kwenye boneti: baridi, umande umejaa kioo. Akapiga stata. Ikazunguka sana, injini ikashika, ikazima. Akapiga tena huku amekanyaga mafuta, ikashika kwa kutetemeka, na mara hiyo hiyo feni ya rejeta ikaanza kuvuma ilhali injini haijapata joto hata kidogo. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa chini, ukapanda taratibu kama kawaida. Mshale huo usikutulize. Baadhi ya magari ya umri huu yana sensa mbili za joto: moja ya waya mmoja inayoendesha mshale, nyingine ya waya mbili inayokwenda kontroli boksi. Ya kwanza inaweza kuwa nzima na ya pili imekufa.

Fundi wangu alikuja na mashine ya kupimia ya gereji, maana vile vidude vidogo vya bluutuzi mara nyingi havielewani na magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani miaka hiyo. Ikasoma namba ya kosa P0115. Watu wengi wakiona namba hiyo hukimbilia duka la spea, lakini haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema saketi ya sensa ina hitilafu. Inaweza kuwa sensa, soketi, waya ulioguguniwa na panya, au kontroli boksi yenyewe. Sensa ningeimudu siku hiyo hiyo. Kontroli boksi ingenifanya niage na kurudi nyumbani. Kwa hiyo nikamwambia mzee ukweli: gharama ya fundi ni yangu, ila kabla ya kutaja bei nataka kujua ni kipi kati ya hivyo. Akakubali.

Tulingoja injini ipoe, fundi akachomoa soketi, akafungua swichi na kupima kwa mita. Volti 5 zikaonekana. Maana yake kontroli boksi inatuma umeme na waya unaufikisha. Kisha akaifungua sensa. Mama wa nyumba akatupatia sufuria na nafasi kwenye jiko la mkaa. Fundi alikuwa na sensa nyingine ya mtumba anayojua ni nzima. Tukazitumbukiza ncha zote mbili kwenye maji baridi. Nzima ilisoma ukinzani wa karibu kilo-om 3, yaani om 3,000, na kadiri maji yalivyopata moto ikawa inashuka, inashuka, hadi chini ya om 300 maji yalipoanza kutoa mapovu. Ya mzee haikusoma kitu, baridi wala moto. Pale nikaamini.

Ila sikuishia hapo, na naona hili ndilo lililoniokoa zaidi. Sensa ya joto ikifa, lazima ujiulize kama injini imewahi kuchemsha. Fundi akafungua nyumba ya thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto: tupu. Mzee akasema fundi mmoja aliitoa zamani gari likiwa Dar. Mafundi huitoa gari likichemsha, na tatizo lenyewe hubaki. Tukakagua kifuniko cha oili, hakuna utelezi mweupe wa maji yaliyochanganyika na oili. Tukawasha injini kifuniko cha rejeta kikiwa kimefunguliwa, hakuna mapovu yanayotoka mfululizo. Mwisho nikaliendesha hadi Kiwira na kurudi, kile kilima cha kuelekea Isongole nikikipanda kwa gia nzito, jicho kwenye mshale. Haukusogea kupita katikati.

Bei tuliizungumza kwa amani, akapunguza laki nne. Faini za barabarani niliziangalia kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, mkataba tukasaini kwa mwanasheria, kadi nikahamisha TRA, mamlaka ya mapato.

Sensa na thamostati mpya vilifungwa pamoja, maji ya bomba yakamwagwa ikawekwa kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, namba ya kosa ikafutwa. Sasa linashika kwa stata moja hata kukiwa na baridi ya kukata masikio, feni inasubiri joto ndipo izunguke, na mafuta ya kwenda na kurudi Kiwira yamepungua kiasi cha kuonekana mfukoni. Kilichobaki ni bushi za mbele zinazogonga kwenye matuta. Hizo nazo mzee alizitaja mwenyewe, na zile laki nne ndizo zitakazozilipia.