Nilivyomsomea shangazi filamu ya Sembène

Shangazi yangu hawezi kufuata maandishi ya chini kwenye filamu. Kusoma anajua, ila mtoto wa jicho amemdhoofisha, na maandishi yale hupita kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Tangu ahamie kwangu Umoja, hapa Nairobi, Jumamosi zetu zimekuwa hivi: mimi natazama, yeye anachambua sukuma wiki akiuliza, "Amesema nini huyo?"

Mwezi uliopita niliamua kumwonyesha La Noire de..., filamu ya 1966 ya Ousmane Sembène wa Senegal, naye aielewe yote. Diouana, msichana wa Dakar, anachukuliwa na Wafaransa hadi Antibes, kwao Ufaransa, akiamini anakwenda kulea watoto. Akifika anageuzwa mpishi na mfagiaji asiyetoka nje. Shangazi alifanya kazi za nyumba Lavington, mtaa wa matajiri, miaka 19, na hajawahi kutusimulia hata siku moja ya miaka hiyo. Halafu kuna jambo lililoniuma: Sembène alikuwa mwandishi wa riwaya, akaenda Moscow kujifunza filamu kwa sababu watu wake wengi hawakuweza kusoma vitabu vyake. Leo filamu yake imfungie mlango mtu kama Shangazi kwa ajili ya kusoma? Hapana.

Jaribio la kwanza liliharibika. Nilidhani ningetafsiri papo hapo, kama DJ Afro, yule msimulizi wa filamu kwa Kiswahili tunayemsikia kwenye vibanda vya video. Kumbe ile ni kazi ya fundi. Nilichelewa, nikarukia mstari uliofuata, nikaanza kufupisha, Shangazi akasinzia. Tena DJ Afro hutia chumvi yake mwanzo hadi mwisho, na filamu za mapigano zinaibeba. Hii haibebi.

Nikaanza upya. Filamu yenyewe ni kama saa moja tu, lakini ilinila jioni nne, laptopu upande huu, daftari upande ule, nikisimamisha kila sentensi. Neno lililonitesa zaidi ni lile ambalo Diouana anamwitia mwajiri wake. "Bibi" lilinipeleka kwa nyanya zetu, "bi mkubwa" likawa la Pwani mno. Mwishowe nikaandika "madamu", kama wanavyosema wafanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi. Na kila mahali pa kunyamaza nilipiga mstari mwekundu. Mistari hiyo ndiyo iliyoniokoa.

Jumamosi iliyofuata nilipunguza sauti ya spika ikabaki kama redio ya jirani, nikaketi nyuma ya Shangazi kidogo ili macho yake yabaki kwenye picha, nikasoma. Tulipofika pale wasichana wa Dakar wanapokaa kando ya barabara wakingoja kuchaguliwa kazi, aliweka sukuma chini.

"Hao ni kama mama fua wa Eastleigh," akasema.

Kisha ikaja barua. Mama yake Diouana amelalamika kwamba binti hatumi habari. Bwana wa nyumba anamsomea, halafu anachukua kalamu na kuanza kumjibia, bila kumuuliza aandike nini. Diouana anachana barua.

"Ngoja kwanza, baba. Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Akaniambia kwamba madamu wake alikuwa akimwandikia nyanya yangu barua, zote zikisema mtoto yuko sawa. "Sikuwa sawa," akasema. Tulikaa karibu nusu saa picha imeganda. Mengine aliyonieleza ni yake.

Sehemu ya mwisho mtoto wa Dakar aliyevaa kinyago anamfuata yule bwana. Daftari langu hapo lina mstari mwekundu wa ukurasa mzima, na sikutamka neno hadi mwisho.

Baadaye, tukinywa chai, nilimweleza kwamba tunayemwona ni Mbissine Thérèse Diop, lakini ile sauti ya Kifaransa ni ya Toto Bissainthe, mwimbaji wa Haiti.

"Kwa hiyo alisemewa na huyo," akasema, "na leo akasemewa na wewe."

"Ndiyo, Shangazi."

"Wewe angalau uliponyamaza, nilimsikia."

Sasa ninaandaa Mandabi, ya 1968, ambayo Sembène aliipiga kwa Kiwolof. Shangazi ameniagiza niandike kwa herufi kubwa, kurasa nyingine anataka kuzisoma mwenyewe.