Bwisya mpaka Bugando na bamdogo

Bamdogo alitapika damu saa sita usiku, damu ya mabonge, beseni la kuanikia dagaa likafika nusu na sisi tunatazamana tu. Ukara ni kisiwa, usiku ule huna ujanja, tukampakia mishkaki kwenye bodaboda mpaka kituo cha afya Bwisya wakamtundikia dripu, alfajiri damu ikakata. Kile kituo kiliongezewa majengo kwa hela za rambirambi zilizobaki baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama Septemba 2018, na mi usiku ule ndo nikajua kazi yake. Ila daktari akasema huyu anataka kipimo cha kamera, kamera ipo hospitali ya Bugando, Mwanza, akatuandikia rufaa.

Kuanzia hapo ugonjwa wetu ukawa usafiri. Kivuko Bwisya mpaka Bugorora upande wa Ukerewe, na karibu na gati pale MV Nyerere ilipozama watu huwa wananyamaza wenyewe. Halafu gari mpaka Nansio, kila tuta naomba asitapike. Nansio tunakuta meli ya asubuhi imeshatoka, basi subiri ya mchana, af ndani ya meli masaa kama matatu mzee kalala kwenye benchi kafunikwa kitenge cha mama mmoja hata hatumjui, mi namhesabia pumzi. Mawe ya Bismarck ya pale Mwanza yalivyotokea nikashusha pumzi zangu mwenyewe. Bajaji ikapanda kilima cha Bugando inalia kama inataka kuzima.

Lile jengo lipo pale juu toka 1971 na kanda yote ya ziwa inapanda kulifuata, kwenye benchi letu kulia katoka Chato, kushoto Bariadi, kila mtu na bahasha yake ya rufaa, stori ni umelala wapi na umekuja na gari gani, za ugonjwa baadae.

Wakamuingiza mpira wenye kamera mdomoni. Kumbe mishipa kwenye koo la chakula imevimba imepasuka, wakaifunga na vipira vidogo. Chanzo ni kichocho cha tumbo, wale wadudu wanaotoka kwenye konokono wa ziwani wanapenya ngozi, mayai yao yanajaa kwenye ini miaka na miaka mpaka damu inakosa njia inasukumia kwenye mishipa ya juu. Vidonge vyake vipo, ni vile wanavyogawa mashuleni, sasa mvuvi wa miaka hamsini nani atamfuata darasani?

Daktari akamwambia, "Mzee, maji ya ziwa uyapunguze."

"Daktari, nipunguze vipi na ndo shamba langu?"

Yule dada daktari akacheka kidogo, akaandika arudi baada ya wiki tatu kufungwa tena. Bamdogo akaiangalia ile karatasi, akaanza kukunja vidole, Bwisya Bugorora, Bugorora Nansio, Nansio Mwanza, bajaji, akafika mkono wa pili akaniuliza, "Na wewe utakuja tena au nikuhesabu mara moja?"